Mwaka Baba Mdogo Alipopunguzwa

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mhando kule Handeni, na kilichonitesa msibani hakikuwa kilio bali sifa. Kila aliyesimama kusema neno alimpaka marehemu mafuta. Mmoja alisema alikuwa mtu mpole. Mwingine akasema hakuwahi kumkwaza binadamu kwa ulimi wake, na mimi niliyekaa mkekani na akina mama nikajifunika khanga usoni ili wadhani nalia. Mzee Mhando hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo ambao mkewe mwenyewe aliuogopa zaidi wakati wa mvua, kwa sababu mvua ikinyesha watu hawana pa kukimbilia. Watani wake, ambao zamani wangeuvamia msiba ule, wakajilaza kaburini na kukataa kutoka, walikuwa wachache, na baadhi yao wameokoka, hawataki tena mambo hayo. Kwa hiyo akazikwa kwa heshima, jambo ambalo nina hakika lilimuudhi. Nilipanda bodaboda kurudi stendi nikiwaza kwamba nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, nimeona dawa nyingi zikifaa na nyingi zikishindwa, lakini mtu wa kwanza niliyemwona akiinuliwa kitandani aliinuliwa na mdomo wa mzee yule, tena si kwa maneno mazuri.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha nne. Nilitoka kwetu Kerenge kwenda kusubiri majibu kwa mama yangu mdogo, Korogwe mjini, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa na baraza mbele na jiko la mabati nyuma. Ilikuwa enzi ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, tena za rangi, na mitumba iliyokuwa ikiuzwa kwa kujificha sasa ilimwagwa chini mchana kweupe. Mama mdogo alikuwa akiuza nguo hizo pale barazani, amezitundika kwenye kamba iliyofungwa kutoka dirisha la chumba chake hadi kwenye nguzo. Mumewe, baba mdogo Maganga, alikuwa msimamizi wa brashi kwenye shamba la mkonge nje ya mji. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kutoka Tabora enzi za manamba, na yeye mwenyewe alizaliwa kambini pale shambani, akakulia kambini, akaingia kazini kabla ndevu hazijatoka. Kazi yake ilikuwa kuangalia singa, zile nyuzi za mkonge, zikisuguliwa kwenye mashine hiyo, kisha kuzipanga kwa madaraja, na tabia hiyo alirudi nayo nyumbani. Ugali ulikuwa daraja la kwanza au la pili. Mahubiri ya Jumapili yalikuwa daraja la tatu. Mimi, siku nilipofika na sanduku langu, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, “Daraja la kwanza, ila haijakauka.” Nililichukua kama baraka, na bado nalichukua hivyo.

Barua ilikuja na tarishi wa shamba, mchana, tukiwa tunakula ugali na dagaa. Baba mdogo alijua kusoma, lakini alipenda nimsomee, kwa sababu alisema sauti ya kidato cha nne inaipa barua hadhi. Akafuta mikono, akakaa vizuri, akaniambia nianze. Barua ilieleza mambo mengi kuhusu mwekezaji na mabadiliko ya umiliki, maneno ambayo siku zile yalikuwa mapya midomoni mwetu kama sabuni za rangi, halafu ikasema kwamba jina lake limo katika orodha ya wafanyakazi waliopunguzwa. Nikamaliza hadi sahihi. Mama mdogo alikuwa ameshika tonge hewani.

“Rudia hapo kwenye wale wafanyakazi,” baba mdogo akasema.

“Waliopunguzwa.”

“Wamenipunguza,” akasema taratibu, kama anayeonja. Akajitazama mikono, upande wa juu na wa viganja. “Mtu anapunguzwaje? Chumvi inapunguzwa. Mbuzi wanapunguzwa.”

Angekuwa ameandikiwa kwamba amefukuzwa, nadhani angekasirika, na hasira ingemtoa nje ya nyumba. Kufukuzwa ni jambo la mtu na mtu. Kuna aliyekufukuza, unaweza kumtukana. Lakini kupunguzwa hakuna ugomvi ndani yake. Kulimwingia kama maji yanavyoingia kwenye ukuta wa udongo. Siku ya pili aliacha nusu ya chakula. Siku ya nne hakutoka chumbani. Mwisho wa juma alituita mimi na mama mdogo, akasimama katikati ya chumba na suruali yake ya kazi, akaiachia, ikashuka mpaka magotini. “Mmeona?” akatuuliza, kwa sauti ya mtu aliyethibitisha hoja. “Imeanza.” Mama mdogo alimwambia kwamba suruali imeshuka kwa sababu hali chakula. Akajibu kwamba hali chakula kwa sababu hana mahali pa kukiweka.

Tukampeleka zahanati. Tabibu alikuwa kijana mwenye adabu, akamwamkia, akampima vizuri, presha na mapafu na kila kitu, akafurahi. “Mzee, huna kitu,” akasema. Tulipofika nyumbani baba mdogo akavua viatu, akalala kifudifudi, akasema na mto: “Hata daktari ameona. Sina kitu.”

Kisha wakaja watu wa pole. Mimi sina ugomvi na neno hilo. Nimelitumia maelfu ya mara wodini na nitalitumia tena. Lakini mwaka ule nililiona likifanya kazi kinyume. Majirani waliingia mmoja mmoja, nyuso zimerefushwa, wakakaa kwenye kiti cha mianzi karibu na kitanda, wakasema pole mzee, pole sana, ndiyo dunia. Kila mmoja aliacha pole yake pale chumbani na kwenda nyumbani mwepesi. Baba mdogo ndiye aliyebaki nazo. Mama Hadija, jirani wa upande wa kulia, alikuja mara mbili kwa siku, na kila alipotoka baba mdogo aliomba blanketi la ziada. Kibaya kuliko vyote, dirisha la chumba lilikuwa juu ya biashara ya mama mdogo, na wateja wa mitumba wana wimbo mmoja tu duniani. “Mama, punguza kidogo.” “Dada, si upunguze?” “Nipunguzie nichukue mbili.” Kutwa nzima neno lile liliingia kwa dirisha likimfuata kitandani, na kila lilipoingia nilimsikia akigeuka ukutani.

Mama mdogo hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Asubuhi moja aliniita jikoni akatangaza sheria. Neno la kupunguza halitasemwa tena katika nyumba hii wala barazani. Mteja akitaka bei ishuke atasema “nifikirie.” Moto wa jiko ukizidi, tutasema “utulize.” Taa ikiwaka sana, “iambie taa ipumzike.” Neno pole marufuku, mgeni akija kumwona mgonjwa atasema hongera. Neno mgonjwa nalo marufuku, tutasema “mzee aliye ndani.” Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, naona ni sheria nzuri, mpaka aliponigeukia mimi mwenyewe.

“Na wewe,” akasema.

“Mimi nimefanya nini, mama mdogo?”

“Jina lako.”

Jina langu ni Tabu. Nilipewa kwa sababu ya siku niliyozaliwa, ambayo sikushauriwa. Mama mdogo akanikumbusha kwamba kutwa nzima amekuwa akipiga kelele uani: Tabu, ingia kwa baba yako; Tabu, kaa naye; Tabu, usimwache peke yake. “Mimi mwenyewe ndiye ninayempelekea tabu chumbani,” akasema, na nikaona machozi yanamlenga. Tangu saa ile nikawa Raha.

Sasa naomba niwe mkweli, kwa sababu ndicho kipande cha mwaka ule kilichonibadilisha mimi. Nililipenda. Nilikuwa msichana niliyeingia kila mahali nimetanguliza ubavu, kama anayeomba radhi. Lakini mtu akiita “Raha!” toka upande wa pili wa soko la Manundu, wachuuzi wote wanageuka wakiwa tayari wanatabasamu, na wewe unajikuta unafika ukiwa umenyooka. Nilianza kucheka meno nje. Nilianza kujibu watu. Muuza nyanya mmoja ambaye alikuwa akinichagulia zilizopondeka akaanza kuniongezea. Nilikuwa yuleyule, gauni lilelile, na nilikuwa nakula chakula kilekile cha nyumba yenye huzuni, lakini nilinenepa. Usiku nilijilaumu, kwamba baba mdogo anakonda na mimi nanawiri kwa dawa ileile.

Maana kwake dawa haikushika. Wateja walifikiriwa, taa zikapumzishwa, na Mama Hadija akaja na uso wake mrefu, akakaa kwenye kiti cha mianzi, akasema, “Hongera mzee. Hongera sana. Ndiyo dunia.” Baba mdogo alimtazama kwa muda mrefu. Alipoondoka nikaingia na uji, na mama mdogo akaita kutoka uani, “Raha, mpe na limau!”

“Raha ni nani?” baba mdogo akauliza.

“Ni mimi, baba mdogo.”

“Wewe ni Tabu.”

“Ndiyo. Lakini siku hizi naitwa Raha.”

Akaweka kijiko chini. “Tangu lini watu wa nyumba hii wanazungumza kama kadi ya harusi? Nakuwa hongera, wewe unakuwa Raha, hata mwizi wa bei pale nje anaomba afikiriwe.” Akavuta shuka mpaka kidevuni. “Mama yenu anajua jambo ambalo mimi sijaambiwa. Basi nakufa. Asanteni kwa adabu.” Na kuanzia siku hiyo akaanza kugawa vitu. Baiskeli iende kwa mpwa wake. Redio abaki nayo mama mdogo. Mimi nilirithishwa kisu chake cha singa, nikakitazama bila kujua kama nishukuru.

Hapo ndipo mzaha ulipokwisha. Uji ulirudi ulivyokwenda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na alipogeuka kitandani nilihesabu mifupa ya mgongo. Nilimkuta mama mdogo nyuma ya jiko akilia kimya, amelikunja shati la mtumba la mteja analifutia uso. “Nimemaliza maneno,” akaniambia. “Sina lingine zuri lililobaki.” Nikafikiri kidogo, nikamuuliza kama kuna mtu yeyote anayejua mabaya. Akaacha kulia. “Mhando,” akasema.

Nilipanda basi hadi Kabuku, nikasubiri pale barabarani nikila mahindi ya kuchoma, mpaka nikapata lori lililokuwa likienda Handeni, nikakaa nyuma juu ya magunia na akina mama wawili wa Kimasai waliokuwa na vibuyu vya maziwa. Kule kulikuwa kukavu kuliko kwetu, vumbi limepaka hata majani. Mzee Mhando nilimkuta karibu na soko, amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Alikuwa amefanya kazi shamba moja na baba mdogo miaka na miaka, akisukuma toroli kwenye kile kinu cha kukamulia majani ya mkonge tulichokiita korona, zamani hizo kabla neno lenyewe halijaugua. Yeye alikuwa Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu: barua, suruali, hongera. Nilitarajia asikitike. Alicheka mpaka akashika gurudumu asianguke.

“Amepunguzwa? Maganga? Kwani alikuwa na nini cha kupunguza?”

“Mzee, anakufa,” nikamwambia, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikujali umri wake.

Akanitazama, kicheko kikamtoka usoni. Akaniuliza anakula nini, analala vipi, anazungumza na nani. Maswali yale nimekuja kuyauliza mwenyewe miaka yote wodini, sijaona yaliyo bora. Kisha akaniuliza jina. Nikasema Raha, halafu nikasema Tabu, halafu nikaeleza. “Aisee,” akasema, akinawa grisi. “Nyumba hiyo ni mbaya kuliko nilivyodhani.”

Tulifika Korogwe kesho yake mchana. Mama mdogo alimzuia mlangoni, akamsomea sheria zote, na Mzee Mhando akaitikia kila moja kwa heshima, kofia kifuani. Hatakiwi kusema pole. Sawa. Hatakiwi kusema lile neno. Sawa, shemeji. Akaingia chumbani, akasimama mbele ya kitanda, akasema, “Hodi humu. Nimekuja kumpima marehemu.”

Mama mdogo akaegemea ukuta. Mzee Mhando akatoa mfukoni kipande cha kamba ya katani, akakinyoosha kuanzia kisigino cha baba mdogo hadi utosini, akaweka alama kwa ukucha, akaitazama kwa makini. “Urefu ni uleule. Wamepunguza wapi hawa? Pua ipo, masikio yapo, tena yale yangeweza kupunguzwa. Labda akili, lakini hiyo sina kamba fupi ya kuipimia.”

“Mhando, niache nife,” baba mdogo akasema.

“Utakufaje bila ruhusa? Mimi nilipunguzwa miezi miwili kabla yako. Katika kupunguzwa mimi ni kaka yako. Niamkie.”

Baba mdogo akafumba macho. Mzee Mhando akavuta kile kiti cha mianzi, akakaa. “Ninyi Wanyamwezi mlikuja huku mmebeba mizigo kichwani. Mkaambiwa tueni, mkasema hatujafundishwa kutua. Sasa wenzako wametuliwa mzigo wanacheka, wewe unalia unataka urudishiwe. Na afadhali walivyokuondoa. Brashi nayo ni kazi? Unaingiza singa mbichi huku, inatoka safi kule. Mbuzi wangu angeweza, yule mwenye jicho moja.”

Sauti ikatoka chini ya shuka: “Singa haiingizwi mbichi.”

“Nasema mbuzi angeweza.”

“Haiingizwi mbichi, Mhando. Inaanikwa kwanza. Ukiingiza mbichi inakatika.”

“Mimi nimeona zikiingizwa mbichi.”

“Umeona wapi?” Baba mdogo alikuwa ameinuka kwa kiwiko. “Wewe ulikuwa unasukuma toroli. Brashi umeiona kutokea mlangoni. Singa unaishika hivi, kwenye shina, unaipeleka ncha kwanza.” Alikuwa amekaa sasa, miguu imeshuka sakafuni, mikono imeshika fungu lisilokuwepo. “Nusu, halafu unageuza. Hivi.”

“Mimi nilikuwa nashika hivi.”

“Ndiyo maana ulipelekwa toroli.”

Mzee Mhando alicheka kwanza. Baba mdogo akamfuata, kicheko chembamba kilichokwama kooni, kikafunguka, halafu kikageuka, na kabla hatujaelewa alikuwa analia, mikono ingali imeshika fungu lile la hewa. Alilia kwa sauti, kama hakuwahi kulia tangu barua ifike, na kweli hakuwahi. Alisema amezaliwa pale, baba yake amezikwa pale, hajui kitu kingine mkononi mwake. Katika miaka yote niliyomjua Mzee Mhando, nilimwona amenyamaza siku ile tu. Alikaa amemshika goti mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Baadaye baba mdogo akafuta uso kwa shuka, akageukia mlango.

“Tabu,” akaita. “Niletee ugali. Na usiupunguze.”

Sitaki kudanganya kwamba alipona saa ile. Kulikuwa na siku alizorudi kugeukia ukuta, na siku mama mdogo alizotuma habari Handeni kwamba matusi yameisha, yaletwe mengine. Lakini alianza kula, na Mzee Mhando akawa anakuja kila siku ya gulio, na kati ya ugomvi wao wakaanza kusokota kamba za katani pale barazani, kando ya mitumba. Walijiita Waliopunguzwa. Baba mdogo aliliandika jina hilo mwenyewe kwa mkaa ukutani, herufi kubwa, na mteja akiomba apunguziwe alioneshwa ukuta akaambiwa hapa tumeshamaliza kupunguza. Neno lililomlaza lilikuwa sasa ndilo linalomtambulisha. Nimejiuliza mara nyingi lilibadilika lini, na jibu pekee nililonalo ni kwamba halikubadilika. Alipata tu mtu wa kulisema naye.

Majibu yalipotoka nikachaguliwa kwenda kusomea uuguzi, na fomu ikataka majina kamili. Tuliijaza mezani, wote wanne. Mama mdogo alitaka niandike Raha, kwa kuwa nilikuwa nimelizoea na limenipendeza, na alikuwa na hoja. “Mgonjwa gani atakubali sindano ya Tabu?”

“Atakubali,” baba mdogo akasema. “Angalau atajua hadanganywi.”

“Akikataa,” akasema Mzee Mhando, “amepona huyo.”

Raha nilimpenda, alinifundisha kuingia sokoni nimenyooka, na nilijua mwendo ule hauniachi tena hata nikiitwa nini. Nikaandika Tabu. Mama mdogo akasukuma kiti, akatoka kwenda barazani, na sisi tuliobaki tukatazamana tukidhani ameudhika. Kisha tukamsikia kwa dirisha akimfungia mteja gauni.

“Binti yangu anakwenda kusomea unesi,” akamwambia. Mteja akauliza anaitwa nani. Mama mdogo akalitaja jina taratibu, kama mtu anayetaja sikukuu.

“Tabu,” akasema.